Mazoezi ya Kupaa

Jumamosi tatu tulipaa bila kutoka Segerea.
Viti vinne vya plastiki vimeelekea jokofu,
khanga zimefungwa viunoni kuwa mikanda,
feni ya sakafuni, namba tatu: injini.
Lusajo akasimama mlangoni na mwiko,
akitupapasa hewani, mbavu hadi magoti.
"Piip," alisema, kwa sauti bapa ya mtu asiyejua kuigiza,
na Atupele akamsahihisha:
"Baba, piip ni kama nina chuma. Mimi sina chuma."
Akarudia. Kimya.
Tukapita.

Nyumbani kwetu neno usonji liliingia kwa mlango wa mtoto,
likavua viatu, likakaa kitako,
kisha likatutazama sisi wakubwa kama linalotukumbuka.
Daktari aliandika habari za Atupele;
mimi, upande wa pili wa meza, nikazisoma kichwa chini,
nikauona utoto wangu wote mle:
lebo za sare zilizokatwa kwa wembe,
ugali usioruhusiwa kugusana na mboga,
shangazi akisema, "Ana maringo huyu, anakusalimia anatazama ukuta."
Karatasi moja. Sisi watatu.

Bibi yake yuko Tukuyu. Basi ni siku nzima ya honi na filamu za mapanga.
Ndiyo maana ndege.

Saa kumi na moja alfajiri, uwanjani.
Nje joto la Dar limeshaamka kabla yetu; ndani, baridi ya kwenye kopo.
Atupele ana orodha niliyomchorea:
mlango, mizigo, viatu, kusubiri, ngazi, kiti.
Anaweka vema kwa kalamu ya kijani.
Kwenye ukaguzi alivua viatu, akavipanga ndani ya beseni,
akavitoa, akavipanga upya, visigino mbele.
Mwanamume mwenye tai nyuma yetu akafyonza.
Dada wa ukaguzi, kifuani ameandikwa Sikudhani,
hakuuliza mtoto ana nini.
Alimwambia yule wa tai: "Avipange. Viatu ni vyake."

Kisha kipaza sauti: ndege imechelewa. Dakika arobaini.

Tulifanya mazoezi ya mkanda, ya mwiko, ya masikio kuziba.
Hatukufanya mazoezi ya hakuna kitu.
Nikamgeukia Atupele, mikono tayari kumdaka,
kumbe anayeanguka ni mimi.
Taa zikaanza kuongea.
Mashine ya kukaushia mikono, kule chooni, ikangurumia kwenye meno yangu.
Kitoroli chenye gurudumu bovu. Manukato ya mtu yamenishika koo.
Na mikono yangu, ambayo kwa miaka thelathini na minane
nimeifunza kukaa mapajani kama wageni,
ikapiga mbawa.

Watu walitazama.
Lusajo hakusema "tulia."
Alihama kiti, akakaa kati yangu na macho yao,
mgongo mpana kama kabati,
akaanza kunitajia, polepole, vituo vya reli ya Tazara:
Mzenga. Kisaki. Mang'ula. Ifakara. Mlimba.
Anavijua vyote. Hata harusini kwetu alivitaja.

Atupele akavua hedifoni zake za bluu,
zile tunazogombana naye wakati wa kuoga,
akanivisha. Zikanibana; ni za kichwa cha miaka tisa.
Dunia ikarudi nyuma hatua tatu.
Akachukua kalamu,
akabananisha herufi kati ya "kusubiri" na "ngazi":
MAMA KUPIGA MBAWA.
Akafikiri.
Akaweka vema.

Juu ya Pugu, masikio yalipoziba,
yeye aliguna noti moja, ile ile ya feni yetu,
kisha akamuuliza baba yake
(Lusajo alinisimulia baadaye)
kama hii nayo ina namba tatu,
na nani atainuka kuizima.
Mimi bado nilikuwa nimezivaa.
Niliona midomo tu,
nikaitikia kwa kichwa:
ndiyo.